Mwenyeji wa Kitanda cha Nne

Nyumba ya Afueni,
Darsait, Maskati.
9 Septemba 1970

Khaloo wangu mpenzi,

Shikamoo. Najua kabla hujafika mstari wa pili umeshawanyamazisha watu wa nyumba nzima ili usome kwa sauti, basi na wao wanisikie: nimefika salama kutoka Kuwait, kazi nimepata, na watu nimeshagombana nao.

Kazi yenyewe nikueleze vizuri leo, maana Mombasa nzima umeiambia kwamba mimi ni daktari. Si daktari, Khaloo. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Mtu akivunjika nyonga au akipatwa na kiharusi, daktari akishamaliza yake, mimi ndiye ninayemfundisha upya kukaa, kusimama, kushika kijiko na kwenda chooni bila ya kubebwa. Hapa Darsait tajiri mmoja ametoa nyumba yake kongwe, vitanda kumi na viwili, kwa watu waliotoka hospitali lakini hawajaweza kurudi makwao. Daktari Mhindi huja Jumamosi na Jumanne. Siku nyingine zote mkubwa ni mimi. Miaka ishirini na saba, Khaloo, na mkubwa! Tangu marehemu mama atutoke sina mwengine wa kumringia ila wewe mdogo wake wa kike, kwa hivyo nivumilie.

Nina watu watatu. Rahila ni nesi, mtoto wa Unguja, mpole mpaka unasinzia ukimsikiliza. Ishaq alikuwa hamali bandarini Mutrah, naye ndiye anayewashika wanaume. Shaikha ni wa Ansab, anawashughulikia wanawake. Kiswahili chake ni cha chakula tu, lakini anajua kukanda misuli kuliko walimu wangu wote wa Cairo.

Shida yangu ni adabu zao. Wana adabu mno! Mgonjwa akiyatazama maji, yameshafika mdomoni. Akitaka kujikuna, ameshakunwa. Nikigeuka kidogo, mzee niliyemwambia ajivalishe kanzu ameshavalishwa, amefungwa kilemba na amepakwa mafuta mazuri. Huko nilikosoma mgonjwa hulazimishwa. Hapa nikimlazimisha mtu mwenye mvi wananitazama kama nimemtukana baba yao.

Na wa kunitoa roho hasa ni wa kitanda cha nne. Anaitwa Mzee Ghanim bin Harub. Alikuwa fundi wa saa Mkunazini, akakimbia Unguja mwaka wa sitini na nne, akaweka meza yake sokoni Mutrah. Mwezi wa Julai kiharusi kikamwangusha upande wa kulia. Mguu wake nimeupima, una nguvu. Mkono nao unaamka. Mwenyewe ndiye hataki. Anasema mtu mzima hafundishwi kutembea na mtoto wa kike. Mtoto wa ndugu yake, Thabit, amekuja kutoka Samail na kusema siku ya Idd atamchukua kwa gari, kwani huko kuna wanawake kumi wa kumhudumia na Ami hatanyanyua hata kidole.

Amesema kwa mapenzi, na hapo ndipo nilipoogopa. Hatanyanyua kidole mpaka siku ya kuzikwa! Nimebishana na Thabit mpaka tukaafikiana: akija Idd na kumkuta Ami wake anatoka kitandani mwenyewe, anakwenda mpaka barazani na anajitegemea, basi atamwacha aamue mwenyewe pa kukaa. Isipokuwa hivyo, anampakia garini. Idd ni mwanzo wa Disemba. Niombee.

Mwanao,
Masouda

—

Mombasa,
22 Septemba 1970

Mwanangu Masouda,

Marahaba, na Mungu akukuze. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti, kama ulivyosema. Mara mbili nyingine peke yangu.

Hongera kwa ukubwa. Mahfoudh mwanangu anakusalimu, na anauliza kama huko mna barabara.

Kuhusu huyo mzee wako. Mimi si msomi wa viungo, lakini wanaume wa Unguja nnawajua. Tafuta saa ya ukutani, itundike mbele ya kitanda chake mahali asipofikia akiwa amelala, na uicheleweshe dakika saba. Usimwambie kitu. Fundi wa saa hawezi kulala mbele ya saa inayosema uwongo.

Na msimpe chai ya maziwa. Hainywi. Nna maana watu wa umri wake aghalabu hawainywi.

Upande wa kulia, umesema? Na maneno yake yanatoka sawasawa? Nifahamishe.

Khaloo yako,
Hind

—

Darsait,
3 Oktoba 1970

Khaloo wangu,

Shikamoo. Maneno yake yanatoka sawasawa, tena mengi kuliko ninavyohitaji. Midomo imepinda upande kidogo, basi.

Nimeitundika saa. Asubuhi yake mimi na Rahila tumejificha nyuma ya mlango kama wezi. Mzee ameamka, ameitazama, amefunga macho, ameyafumbua. Kisha akapiga kelele: "Nani mjinga aliyeitia majira saa hii?" Khaloo, akajiinua! Mwenyewe! Akashusha mguu wa kushoto, akaushika wa kulia kwa mkono na kuushusha, akakaa ukingoni mwa kitanda akitafuta pa kujishikilia asimame. Rahila alinifinya mkono mpaka leo nina alama.

Mara Ishaq akaingia mbio, akaitoa saa ukutani, akamwekea mapajani na kumwinamia: "Sema baba, niigeuzie wapi?" Mzee akarudi kulala, akawa anaamrisha tu, na Ishaq anazungusha mshale.

Nilimkemea Ishaq mbele ya wagonjwa wote. Nilimwambia yeye ndiye anayewapoozesha watu, si kiharusi. Nilimwonyesha karatasi niliyoibandika ukutani tangu siku ya kwanza, "Marufuku kumfanyia mgonjwa jambo analoliweza." Akaitazama karatasi, akaitazama miguu yake. Ishaq hajui kusoma, Khaloo. Mwezi mzima nimefanya naye kazi na sikujua. Aliiweka taulo juu ya kiti akatoka, na leo ni siku ya tatu hajaonekana.

Shaikha hasemi nami. Rahila anasema nami, lakini kwa huruma, na hiyo ni mbaya zaidi. Mzee Ghanim naye ameniita akaniambia: "Umemfukuza mtu wa watu kwa kunitendea wema. Niache nende zangu Samail, huko wema si kosa." Nililia bafuni. Hiyo ndiyo hali ya mkubwa wako.

Chai ya maziwa Rahila alimpa kwa kusahau, akaisukuma kwa kidole. Umejuaje?

Masouda

—

Mombasa,
14 Oktoba 1970

Masouda,

Usilie bafuni, utapata baridi. Vaa buibui lako, nunua halua nzuri, nenda mpaka kwao huyo Ishaq ukamwombe radhi. Kisha umrudishe kazini, na maneno yale yale ya radhi uyaseme tena mbele ya wale wale uliomtukania mbele yao. Ukimkosea mtu hadharani, huwezi kumtengenezea chumbani. Nnajua kuliko unavyofikiri ubaya wa maneno yanayosemwa mbele za watu.

Na huyo mzee achana naye na habari za mazoezi. Ukimwambia nyanyua mkono, hataunyanyua mpaka kiama, ndivyo alivyo. Ndivyo walivyo. Lakini ndani ya roho yake yeye ni mwenyeji. Hawezi kumwona mgeni amekaa mkavu. Akiona mtu ameingia hajapewa kitu, hata awe na homa, atainuka. Mpe wageni. Wageni wa kweli, wakae mkekani, wangoje, na dele la kahawa na finjani ziwe mkononi mwake yeye, si kwa mtu mwengine yeyote.

Iliki itiwe ya kutosha. Akionja haina iliki hatampa mgeni, ataona haya.

Na usiniulize nimejuaje.

Hind

—

Darsait,
30 Oktoba 1970

Khaloo wangu mwenye akili nyingi,

Nitakuuliza baadaye. Kwanza nikupe habari.

Nilikwenda kwa Ishaq na halua. Mama yake alinipokea vizuri mno, nikaona haya zaidi. Nikaomba radhi pale, na kesho yake nikaomba tena mbele ya vitanda vyote kumi na viwili. Wagonjwa walifurahi sana, nafikiri hawajawahi kumwona mkubwa akiomba radhi. Lakini alichoniambia Ishaq kwao ndicho kilichonizindua. Alisema: "Bibi, mimi nimelelewa nikiambiwa mzigo wa mzee mpokee. Hujanambia hata siku moja mzigo gani nimwachie."

Kweli. Nilikuja na karatasi, sikuja na maneno. Sasa kila asubuhi kabla ya kuanza tunakaa sote wanne mkekani na chai, tunamzungumza mgonjwa mmoja mmoja: lipi analiweza mwenyewe, lipi ashikwe kidogo, lipi hajaliweza bado. Shaikha anasema kwa Kiarabu, Rahila anatafsiri, Ishaq anaweka kichwani kila kitu na wala hasahau. Karatasi nimeibandua.

Nikawaeleza habari yako ya wageni. Shaikha akaruka. "La, la! Mzee amimine na vijana wanywe? Kwetu mdogo ndiye anayemimina." Tukakwama hapo asubuhi nzima. Mwisho yeye mwenyewe akapata njia. Akasema mwenye nyumba akimimina kwa mkono wake haoni aibu, anampa mgeni heshima kubwa kabisa. Basi kitanda cha nne kiwe ni nyumba yake, na pembeni pake pawe majlisi yake. Hilo hakuna wa kulipinga, si hapa wala Unguja.

Siku ya kwanza tulimletea Daktari, fundi cherehani wa duka la jirani, na Ishaq aliyevaa kanzu ya Ijumaa. Wakaamkia, wakakaa mkekani. Dele liko kwenye meza ndogo, linafuka moshi. Mzee akamtazama Rahila, Rahila anahesabu bandeji. Akamtazama Ishaq. Ishaq alikuwa ameikalia mikono yake, Khaloo, wallahi ameikalia! Jasho linamtoka. Fundi cherehani akakohoa. Basi Mzee Ghanim akavuta pumzi, akashusha miguu, akashika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa ule wa kulia uliopooza, kwa sababu mwenyewe unajua, mgeni hapewi kwa kushoto. Mkono ulitetemeka, finjani ya kwanza yote ikaishia kwenye suruali ya Daktari. Daktari akasema alhamdulillahi. Ya pili ikamfikia.

Nami nilikuwa nimeshawaonya wageni wote jambo moja: hakuna kutikisa finjani. Unajua kwamba huku mgeni asipotikisa finjani yake, mwenyeji haachi kumimina. Walikunywa saba saba. Ishaq alitoka na macho kama bundi.

Kila siku mkeka ninausogeza shibiri moja kuelekea barazani. Siku ya tano ikambidi asimame. Siku ya nane akapiga hatua mbili, Ishaq amekaa karibu asimguse ila akiyumba. Jana akaninong'oneza: "Binti, wageni wa nyumba hii wana kiburi. Kila siku wanakaa mbali zaidi."

Sasa nakuuliza, Khaloo. Umejuaje?

Masouda wako

—

Darsait,
12 Novemba 1970

Khaloo,

Barua yako haijafika, na mimi sina subira ya kuingoja, kwani limenifika jambo.

Ramadhani ilipoingia tukahamisha majlisi baada ya futari. Mkeka ukafika mlangoni. Mzee anatembea hatua kumi na mbili na fimbo, anajifunga kilemba mwenyewe. Juzi nikiwa chumbani kwangu naandika taarifa ya Daktari, nikasikia fimbo inakuja, ko, ko, ko, peke yake, ukumbi mzima! Akaingia kunilalamikia kwamba kahawa imetiwa iliki ya mwaka jana. Nilikuwa nataka kumbusu mikono. Macho yake yakaangukia mezani, juu ya bahasha yako.

Akaichukua. Akaisogeza karibu na taa. Akakaa kwenye kiti changu bila ya kuombwa.

"Hati hii ya nani?"

"Ya khaloo yangu, Hind."

"Binti wa Bi Sayyida wa Vuga?"

Nikasema ndiyo, ni bibi yangu huyo. Basi akacheka, akacheka mpaka nikaogopa kiharusi cha pili. Kisha akawa analia. Kisha akasema: "Nilikuwa nashangaa nani amekufundisha kunijua." Akarudi kitandani, akaelekea ukutani, na tangu juzi hajainuka. Wageni wamekuja wamekaa wakavu. Dele limepoa. Anasema amechezewa kama kipanga aliyefungwa uzi, na kwamba Thabit aje hata kesho.

Zimebaki wiki mbili na nusu tu kufika Idd, Khaloo, na kazi yote imerudi pale pale. Ishaq ananiuliza amfanyie nini, nami sijui la kumwambia. Mimi nilijua kwamba zamani, kabla ya Mjomba Salim baba yake Mahfoudh, uliolewa na mtu na mkaachana. Nyumbani kwetu aliitwa "yule bwana" na hatukuruhusiwa kuuliza. Niambie kweli. Ni yeye?

Masouda

—

Mombasa,
22 Novemba 1970

Mwanangu,

Ni yeye.

Barua hii Mahfoudh anaipeleka posta ya ndege sasa hivi, kwa hivyo nnaandika mbio na hati yangu mbaya mtanisamehe wote wawili.

Nilimjua kwenye barua yako ya kwanza, kwenye jina lake na maneno "fundi wa saa Mkunazini". Nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilikuficha kwa sababu ukijua ungeona haya kumlazimisha, na yeye akijua asingenywa hata maji yaliyotoka kwangu.

Tuliishi miaka minne. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, msafi, na kila Ijumaa akileta wageni bila ya kuniambia. Wawili, watano, wanane. Nikipika, wakila, wakimsifu yeye kwa ukarimu. Mwaka wa arubaini na sita, nimetoka kuharibikiwa na mimba, sina hata wiki mbili, akaja nao kumi na mmoja. Nikafunga jiko, nikavaa buibui nende kwa mama. Akanifuata mpaka mlangoni na kunitolea talaka mbele ya wote kumi na mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilimchukia sana, Masouda. Kisha nikasahau kumchukia, nikaolewa na Salim ambaye Mungu amrehemu, nikapata Mahfoudh, na mambo yakenda.

Msomee hayo yote, na haya pia, neno kwa neno.

Ghanim, sikukuchezea. Kama ningetaka kukuchezea ningekuacha wende Samail ukalishwe uji na wanawake kumi. Niliposikia umeanguka nikajikuta nasema usiku na mchana, inuka, inuka. Sikuwa na njia nyingine ya kukwambia, kwani ungekataa kwa sababu limetoka kwangu. Ikiwa sasa unalala ili kunikomoa, unajikomoa mwenyewe. Mtoto huyu na watu wake wamekufanyia kazi ambayo mimi nisingeiweza. Usiwaaibishe mbele ya Thabit. Inuka.

Masouda, ukishamaliza kusoma toka chumbani, mwache.

Hind

—

Darsait,
3 Disemba 1970

Khaloo wangu,

Shikamoo na Idd mubarak. Barua yako ilifika siku moja kabla ya Idd. Nilimsomea neno kwa neno, naye kanielekezea mgongo. Hata ile habari ya mimba sikuiruka. Nikatoka kama ulivyosema.

Jioni tukakaa sote wanne mkekani. Nikawaambia watu wangu: kesho Thabit akija atamkuta kitandani, na lawama ni yangu, si ya mmoja wenu. Shaikha akaniwekea tende mkononi na kunifunga vidole juu yake. Ndiyo namna yake ya kusema.

Asubuhi ya Idd Ishaq akaja kunipigia mlango. "Kitanda cha nne hakina mtu." Nikakimbia bila ya viatu. Chooni hayumo, ukumbini hayumo. Yuko barazani, Khaloo! Amekaa kitako, kanzu mpya, kilemba kimekwenda upande, amenyoa ndevu zake na kujikata mara mbili. Alitoka peke yake, hakuna aliyemwona. Akanambia, "Mwambie Rahila alete dele. Na iliki safari hii anionyeshe kabla."

Thabit akaja na watu wanne na godoro garini. Aliposhuka Mzee akasimama. Pole pole, fimbo kwanza, mguu wa kushoto, halafu ule mwengine. Akawakaribisha, akawakalisha, akaiweka fimbo ukutani, akashika dele. Thabit alipomwona Ami wake anamjia na finjani katika mkono ule unaotetemeka, aliinuka ili ampokee dele, si unajua adabu. Ishaq akamkamata bega akamrudisha chini. "Kaa," akamwambia. "Wewe mgeni."

Akakaa. Akanywa huku machozi yanamwingia kwenye kahawa. Wote watano wakapewa, mmoja mmoja, halikumwagika tone. Nilimtazama Ishaq, naye anatazama mbele kama askari. Nimejivunia watu wangu siku hiyo kuliko cheti changu chochote.

Thabit akauliza: "Sasa Ami, utakaa wapi?" Mzee akasema, "Bado sijui. Nangoja jibu la barua ambayo sijaiandika."

Ameiandika. Siku tatu, kwa mkono wa kulia, na hakukubali nimshikie hata karatasi. Nimeitia humu humu bila ya kuisoma. Kweli, sikuisoma.

Masouda

—

Darsait,
3 Disemba 1970

Bi Hind,

Assalaam alaykum. Utaona hati imelewa. Ni mkono wangu wa sasa, sina mwengine.

Kwanza, ile mimba sikuijua. Mama yako alinambia una homa. Silisemi kujitetea, nilikuwa niulize na sikuuliza.

La pili. Karibu wiki tatu nimefanya kazi ya kuwapa watu kahawa. Finjani moja, kutoka dele mpaka mkono wa mgeni, ilikuwa inanimaliza nguvu zote za asubuhi. Nikirudi kitandani nahema. Siku moja nilipokuwa nahema hivyo wakaingia wageni wengine wawili, na nilichosema moyoni mwangu ni kwamba hawa nani kawaita. Nikajisikia nimesema. Nikakukumbuka umesimama mlangoni pa jiko. Hapo sikuwa bado najua kwamba wewe ndiye uliyeniletea wageni wale. Miaka yote nilikuwa nikijisifu kwa ukarimu, na uliyekuwa ukikarimu ni wewe. Mimi nilikuwa nikikaa.

Ndiyo sababu nililala baada ya kuiona bahasha. Binti alidhani ni hasira. Ilikuwa haya, Hind.

Nilikutolea maneno mabaya mbele ya watu kumi na mmoja. Waliobaki hai ni watatu, wawili wako hapa Mutrah, na mmoja nasikia yuko Dubai. Hawa wawili nimewaita jana, nimewapa kahawa, nimewaambia mbele ya Ishaq na Thabit kwamba siku ile mwenye makosa nilikuwa mimi. Wa Dubai nitamwandikia mkono ukipumzika.

Mwanao Mahfoudh nimemwandikia barua nyingine ya kukuposa, kama inavyopasa. Ukikataa sitalala kitandani tena, nakuahidi. Nitarudi kwenye meza yangu ya saa na nitakushukuru kila nikisimama.

Ghanim bin Harub

—

Mombasa,
17 Disemba 1970

Ghanim,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma kimya, na watu wa nyumba wamenuna mpaka leo.

Umechelewa miaka ishirini na nne, nawe fundi wa saa. Nimelia, sitaficha. Sikulia kwa ajili ya siku ile, ile nilishailia zamani. Nimelia kwa kuwa nilikuwa nimeshazoea kwamba hakuna mtu duniani atakayejua nilivyochoka pale jikoni. Sasa tumekuwa wawili.

Kwenye posa atakujibu Mahfoudh, ndiyo kawaida, nami nimeshamwambia aseme ndiyo. Ameniuliza mara mbili kama nna hakika, na mara ya pili nikamtupia kiatu. Karatasi zangu za safari ameziandikia, na wanasema kwa sasa huko hawawazuii watu wetu wa Unguja. Meli ni mwezi wa Februari.

Wageni utawaalika, siwezi kuolewa nawe upya nikakunyima roho yako. Lakini utaniuliza kwanza, na utakuwa nami jikoni ukimenya vitunguu, kwa mkono huo huo wa kulia. Masouda atatwambia kama ni zoezi zuri. Kama si zuri utamenya vile vile.

Msalimie Ishaq na yule Shaikha na Rahila, nnataka kuwaona wote watatu kabla sijafungua sanduku.

Jambo la mwisho. Goti langu la kushoto limeshazeeka, na ngazi za meli zinajulikana. Utaniona nashuka taratibu, pengine nikasimama katikati. Usinikimbilie, wala usimtume mtu kunishika. Naweza. Wewe simama hapo chini na fimbo yako, ungoje. Mimi nakuja.

Hind